“Stopped to use” au “stopped using”? Jibu kwa anayeandikia wanunuzi kwa Kiingereza

“Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi kitengo cha ubora kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Karibu kila siku naandika ripoti na barua pepe kwa Kiingereza kwenda kwa wanunuzi wa nje. Juzi niliandika ‘We stopped to use the old cold room’, nikimaanisha tumeacha kukitumia chumba cha baridi cha zamani. Mnunuzi akajibu kwa ukali, anauliza kwa nini bado tunakitumia wakati tulikubaliana kisitumike. Bosi akaniita. Mwenzangu naye akanisahihisha ‘I look forward to hear from you’, anasema ni ‘hearing’, lakini shuleni tulifundishwa kwamba baada ya ‘to’ kitenzi hakiongezewi kitu. Nimepakua orodha ndefu ya vitenzi kwenye simu, naikariri usiku, asubuhi imepotea. Je, kuna kanuni moja ya kujua wapi niweke ‘-ing’ na wapi ‘to’? Au nilipe ada ya kozi ya jioni? Kidato cha nne Kiingereza nilipata C.”

Marahaba. Nianze na bosi wako, maana nahisi ndiye anayekunyima usingizi kuliko sarufi. Sentensi uliyoandika haina kosa la kisarufi hata moja. Shida yake ni kwamba inasema jambo jingine: tulisimamisha shughuli tuliyokuwa nayo ili tukitumie kile chumba. Mnunuzi alisoma kilichoandikwa. Ulichokusudia ni “We stopped using the old cold room”. Mwandikie leo mistari miwili: “I am sorry for the confusion. We have stopped using the old cold room.” Kisha mtajie minofu inahifadhiwa wapi sasa, basi. Usimweleze habari za “to” na “-ing”, hazimhusu.

Sasa swali lenyewe. Kanuni moja haipo, na anayekuuzia kanuni moja anakuuzia hewa. Lakini si kweli pia kwamba mambo haya ni fujo tupu ambayo dawa yake ni kukariri. Kuna sehemu yenye kanuni isiyovunjika, kuna sehemu yenye mwelekeo unaosaidia mara nyingi, na kuna vitenzi vichache, kikiwemo “stop”, ambavyo maana hubadilika kabisa. Hivyo vichache ndivyo vilivyokuchoma, na ndivyo nitakavyovikalia zaidi.

Kwanza acha kuisingizia hiyo C. Chanzo kiko kwenye lugha tunazozungumza. Angalia “ku-” ya Kiswahili inavyojitosheleza: nataka kupima samaki, tumemaliza kupima samaki, kupima samaki kunachosha, tumekuja kupima samaki, msipakie bila kupima samaki. Mara tano, na kitenzi hakikubadilika hata herufi. Kisukuma nacho kina “ku-” hiyo hiyo, na ukivuka kwenda Ukerewe utakuta “oku-” ya Kikerewe ikifanya kazi ile ile. Kwa hiyo mtu wa kanda hii anaweza kuwa na lugha tatu kinywani na asiwe amewahi hata siku moja kulazimika kuchagua. Kiingereza ndicho kinachomlazimisha: “want to check”, “finished checking”, “checking fish is tiring”, “came to check”, “without checking”. Vitabu vya sarufi huliita umbo la “to” infinitivu, na hili la “-ing” jerandi. Huhitaji kuyabeba majina hayo ili uandike vizuri, nami sitayarudia.

Shuleni ulipewa mambo mawili yaliyo nusu kweli. La kwanza hukulitaja, ila karibu kila anayenijia analo: kwamba “-ing” ni alama ya tendo linaloendelea. Ni kweli kwenye “They are loading the truck”. Lakini chukulia kibao ufukweni kilichoandikwa “Swimming here is dangerous”. Hakuna mtu majini, hakuna kinachoendelea. “Swimming” hapo ni jina la jambo, kama “kuogelea” inapokuwa kiima: kuogelea hapa ni hatari, kuna kichocho na huenda kuna mamba. Umbo ni moja, kazi ni mbili tofauti. Ukishikilia kwamba “-ing” maana yake “sasa hivi”, utaiogopa “finished checking”, kwa sababu akili itakuambia kilichokwisha hakiwezi kuwa kinaendelea.

La pili ni hilo la “to”. Kiingereza kina “to” mbili zinazofanana sura. Moja ni kihusishi cha kawaida, chenye maana ya kuelekea: “to Kamanga”, “to the buyer”. Nyingine ni ile inayotangulia kitenzi: “to go”, “to check”. Kihistoria zilikuwa kitu kimoja. Katika Kiingereza cha kale “to” ya kihusishi ilianza kuwekwa mbele ya kitenzi kuonyesha lengo, na kwa karne nyingi ikapungua uzito mpaka ikabaki alama tu. Ile nyingine iliendelea kuwa kihusishi. Na hapa ndipo penye ile kanuni isiyovunjika: kitenzi kikija baada ya kihusishi, kinavaa “-ing”. “Without checking”, “before loading”, “after washing”, “interested in buying”, “good at cutting”, “thank you for sending”. Hizi huzikosei, kwa sababu hakuna mwanya wa kuingiza “to”. Unakosea pale kihusishi chenyewe kinapokuwa “to”.

Kuzitofautisha ni rahisi. Ondoa kitenzi, weka jina la kitu. “I look forward to your reply” inasimama vizuri, kwa hiyo “to” hiyo ni kihusishi na kitenzi kitakachokaa pale ni “hearing”. Jaribu “I want to your reply”: inaanguka papo hapo, kwa hiyo ni “to” ya kitenzi, na kitenzi kinabaki kitupu. Mwenzako alikuwa sahihi. Kwa kipimo hicho hicho utapata “We object to paying twice”, “We are committed to delivering on time” na “in addition to testing the water”. Utapata pia “I am used to working at night”, yaani nimezoea, kwa sababu unaweza kusema “I am used to the night shift”. Usiichanganye na “I used to work at night”, ambayo ni habari ya zamani, nilikuwa nikifanya kazi usiku. Wafanyakazi wa zamu hukosea hapa mara nyingi, na kosa lenyewe linampa msomaji habari ya uongo kuhusu ratiba yako.

Kihusishi kina sheria. Kitenzi kinapofuata kitenzi kingine, hakuna sheria bali mwelekeo, na mwelekeo unatokana na historia hiyo hiyo. Kwa kuwa “to” ilianza na maana ya kuelekea, vitenzi vinavyotazama mbele, kwenye jambo ambalo halijafanyika, hupenda “to”: “want”, “hope”, “plan”, “decide”, “promise”, “agree”, “refuse”, “expect”, “offer”. Ukiahidi, tendo bado liko mbele. Umbo la “-ing” ni jina la jambo, kwa hiyo hupendwa na vitenzi vinavyolichukulia tendo kama kitu kilichopo mezani, cha kufurahia, kukwepa, kumaliza, kukiri au kujadili: “enjoy”, “avoid”, “finish”, “admit”, “deny”, “keep”, “practise”, “consider”, “suggest”.

Utaona mara moja kwamba hilo halikai sawa kila mahali. “Suggest” na “postpone” zinazungumzia mambo ya mbele, na bado zinataka “-ing”. “Manage” inazungumzia jambo lililokwisha kufanikiwa, na bado inataka “to”. Ndiyo maana nimesema mwelekeo.

Kuna kipimo ninachowapa wanafunzi wangu watu wazima, na sijakiona kitabuni kwa sababu vitabu vingi wanavyotumia havikuandikwa kwa ajili ya mtu anayefikiri kwa Kiswahili. Kiswahili nacho kina majina halisi ya matendo: upimaji, upakiaji, usafishaji, uvuvi, wizi. Jiulize kama baada ya kitenzi chako unaweza kuweka jina la namna hiyo na sentensi ikabaki na maana yake. Tumemaliza kupima, tumemaliza upimaji: inakaa, basi “finished checking”. Tumeahirisha upakiaji: “postponed loading”. Amekana wizi: “denied stealing”. Napendekeza usafishaji wa matenki: “I suggest cleaning the tanks”. Sasa geuza. Natumaini upimaji? Ameahidi upakiaji? Hapo mdomo wenyewe unakataa, unataka “natumaini kupima” au “ameahidi kupakia”, na ndipo “to” inapokaa. Kinakosea wapi? Kwenye “plan”, kwa mfano, maana tunasema vizuri tu “tumepanga upakiaji”, ilhali Kiingereza kinasema “planned to load”. Kwenye “refuse” pia. Kwa hiyo kipimo kikikwambia “to”, mara nyingi kiamini. Kikikwambia “-ing”, kihakikishe kwenye kamusi. Kamusi nzuri ya wanafunzi huweka sentensi za mfano chini ya kila kitenzi, na hizo sentensi zina thamani kuliko maelezo yaliyo juu yake.

Nigusie “suggest” kidogo, kwa sababu kwenye barua za biashara ndiyo inayokosewa kuliko zote. “We suggest you to change the box” si Kiingereza. Sema “We suggest changing the box” au “We suggest that you change the box”. “Recommend” iweke kwenye mifumo hiyo hiyo na hutapotea. “Advise” ina tabia yake: ukimtaja mtu, “to”, usipomtaja, “-ing”. “We advise you to keep the fillets at minus 18”, lakini “We advise keeping the fillets at minus 18”. “Allow” inafuata njia hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye vile vichache vyenye meno, ambavyo maumbo yote mawili ni sahihi na maana ni tofauti. Jambo ambalo watu hawalitarajii ni kwamba tofauti hizo Kiswahili kinazo, ila hakizionyeshi kwenye “ku-”. Kinazionyesha mahali pengine kwenye sentensi. Ukijua pa kutazama, Kiswahili chako kitakupa jibu.

“Stop” ni ya kwako. Kiswahili kinatumia vitenzi viwili: kuacha na kusimama. Ukimaanisha kuacha, “stop” pamoja na “-ing”. Ukimaanisha kusimama ili ufanye kitu, “stop to”. “The driver stopped buying ice” maana yake dereva hanunui barafu tena. “The driver stopped to buy ice”, alisimamisha gari akanunue. Kwa anayesafirisha samaki, tofauti ya sentensi hizo mbili ni mzigo mzima.

“Remember” na “forget” zina ujanja wao. Kiswahili husema “nilikumbuka kufunga mlango” kwa maana kwamba kazi ya kufunga ilinijia akilini nikaifanya; hiyo ni “I remembered to lock the door”. Lakini kumbukumbu ya jambo lililopita kwa kawaida tunaitolea kitenzi chenye wakati: “nakumbuka nilifunga mlango”. Ukijisikia unasema “nilifunga”, Kiingereza kinataka “I remember locking the door”. Ukaguzi ukija na ukaulizwa kama chumba kilifungwa, sentensi hizi mbili ni ushahidi wa aina mbili. “Forget” ni vivyo hivyo: “He forgot to record the temperature”, hakuandika kabisa. “I will never forget seeing Bismarck Rock for the first time”, niliona, na picha haitatoka.

“Try” inachanganya kwa sababu “jaribu” yetu inabeba yote mawili. “We tried to open the valve” inasema tulihangaika nayo na huenda haikufunguka. “We tried opening the valve” inasema kuifungua haikuwa shida. Tuliifungua tuone kama tatizo litaisha. Kiswahili kikitaka kuleta maana ya pili huongeza “uone”: jaribu kufungua uone. Ukihisi hiyo “uone” iko nyuma ya sentensi, andika “-ing”.

“Regret” utaikuta zaidi kwenye barua rasmi. “We regret to inform you” ni fomula ya kutoa habari mbaya, habari yenyewe inafuata. “We regret informing you” ni kujuta kwamba tulikuambia, na hakuna ofisi inayotaka kuandika hivyo.

Halafu kuna “need”, ambayo haimo kwenye kundi hili lakini nyinyi wa viwandani mnaihitaji. Mashine inahitaji kusafishwa. Kiswahili kinaweka “-wa” ya kutendwa. Kiingereza kinasema “The machine needs cleaning”, umbo la “-ing” likibeba maana ya kutendwa bila kuionyesha, au “needs to be cleaned”. Ukiandika “The machine needs to clean”, umeipa mashine ufagio.

Yaliyobaki nayapitia haraka. “Begin”, “start” na “continue” zinakubali yote mawili bila tofauti ya kukuumiza kichwa. Epuka tu kurundika “-ing” mbili, sema “It is starting to rain”. “Like”, “love” na “hate” nazo ni hivyo hivyo, ila “would like” inataka “to” daima. “Make” na “let” hazitaki chochote kati ya hivyo viwili, kitenzi kinakuja kitupu: “The supervisor made us wash our boots”, “Let the fish drain”. Kwa sababu isiyoelezeka kirahisi, “make” ikitendwa “to” inarudi: “We were made to wash our boots”. Na ukitaka kusema ulienda mahali kwa lengo fulani, ni “to” peke yake. “I went to Mwaloni to buy dagaa”. Si “for buying”, wala si ile “for to buy” ninayoisikia sana pale Kirumba. “For” pamoja na “-ing” iachie matumizi ya kifaa: “This knife is for cutting fillets”, yaani kisu cha kukatia.

Nije kwenye orodha yako ya simu. Siitupi, lakini ndiyo njia dhaifu kuliko zote ulizonazo. Mgeni anayejifunza Kiswahili hutuuliza kwa nini ni kitabu changu lakini nyumba yangu, na wewe hukukariri orodha ya ngeli. Ulisikia “nyumba yangu” mara nyingi mpaka “nyumba changu” ikakukera sikioni. Kiingereza chako kinahitaji kero hiyo hiyo, na orodha isiyo na sentensi haiwezi kuileta. Afadhali ufungue barua pepe ulizotuma miezi miwili iliyopita, upigie mstari kila mahali ambapo kitenzi kinafuata kitenzi, au kitenzi kinafuata kihusishi, halafu uhakikishe kimoja kimoja. Nadhani utagundua kwamba unatumia vitenzi kama ishirini tu, vile vile kila wiki. Hivyo ndivyo orodha yako. Kila kimoja kiandikie sentensi nzima ya kazini kwako, na uisome kwa sauti. “We avoid storing” ikizoea mdomo, “avoid to store” itakukwaza yenyewe.

Programu za kusahihisha Kiingereza zitumie, zitakukamatia “look forward to hear”. Ila elewa mpaka wake. “We stopped to use” ni sentensi sahihi, na programu inaweza kuiacha ipite bila kunung’unika, kwa kuwa haijui chumba chenu cha baridi kina historia gani.

Kuhusu kozi ya jioni, kwa tatizo hili peke yake sioni haja ya kulipa. Barua yako imeandikwa na mtu anayejua anachotaka kusema, na mifano miwili uliyoleta ni ya aina moja. Ningekushauri umtafute mwalimu ana kwa ana kama, katika kuzipitia zile barua pepe, utakuta pia nyakati za vitenzi zinakuponyoka, au kama unakwama kwenye simu na mnunuzi hata pale unapoandika vizuri. Hayo hayatibiki kwa kusoma majibu kama hili. Yanataka mtu anayekusikia na kukukatiza. Unaweza pia kutaka mtu kwa muda mfupi tu ukiwa unajiandaa kwa mtihani wa lugha wenye tarehe. Na mkataba, cheti cha afya ya samaki au jibu la malalamiko ya mnunuzi visitoke kwako peke yako, hata ukiwa na A. Mpe mtu wa pili asome kwanza, na umwombe akueleze kwa Kiswahili alichoelewa. Akikuambia jambo ambalo hukulikusudia, umelikamata kabla ya mnunuzi.

Ukiamua kulipa ada ya kozi, uliza jambo moja kabla: mwalimu atasahihisha maandishi yangu mwenyewe, au tutajaza tu nafasi zilizo wazi kwenye karatasi za mazoezi? Wengi wanaofika kwangu wamejaza nafasi hizo kwa miaka na wanapata zote, kwa sababu kichwa cha zoezi kimeshawaambia wachague kati ya maumbo mawili. Barua pepe haina kichwa cha namna hiyo. Kama jibu ni karatasi za mazoezi tu, hiyo ada itunze.